Mpangaji wa Wimbo Usio na Mtunzi: Santuri ya The Animals ya Mwaka 1964

Katika mwaka 1964 vijana watano wa Newcastle upon Tyne, mji wa makaa ya mawe na merikebu ulioko kaskazini-mashariki ya Uingereza, walipata sifa ya dunia nzima kwa wimbo ambao hapana hata mmoja wao aliyeutunga. Bendi yao iliitwa The Animals, nao ni Eric Burdon mwimbaji, Alan Price mpiga kinanda cha umeme, Hilton Valentine mpiga gitaa, Chas Chandler mpiga gitaa la besi, na John Steel mpiga ngoma. Wimbo wenyewe ni "The House of the Rising Sun", yaani Nyumba ya Jua Linalochomoza. Lebo ya santuri ilieleza asili yake kwa maneno machache mno: kwamba ni wimbo wa jadi, na kwamba aliyeupanga ni Price. Maneno hayo yastahili kuchunguzwa kama matini nyingine yoyote, maana yalimpa mtu mmoja mali na kuwanyima wanne, tena yalifunika mlolongo mrefu wa waimbaji waliotangulia.

Haifai kudhani kwamba kuimba wimbo wa mwingine kulikuwa jambo la aibu. Vijana wa Kiingereza wa zama zile walijifunza kazi yao kwa santuri zilizotoka Marekani, hasa za waimbaji weusi, na mlango wa kuingilia sokoni ulikuwa santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Santuri ya kwanza ya The Animals, "Baby Let Me Take You Home", ilitoka Machi 1964 ikafika nafasi ya 21 katika orodha ya Uingereza. Asili yake ni wimbo ulioimbwa na Bob Dylan katika santuri yake kubwa ya kwanza ya mwaka 1962. Na katika santuri hiyo hiyo ndimo ulimokuwamo wimbo wa Nyumba.

Lakini Dylan naye alikuwa mpokezi. Mpango wa gitaa alioutumia aliupata kwa Dave Van Ronk wa New York, naye Van Ronk hakuridhika hata kidogo alipoona mwenziwe ametangulia kuutia katika santuri. Kabla yao waliuimba Nina Simone, Joan Baez, Josh White, Lead Belly na Woody Guthrie. Mwaka 1937 mkusanyaji Alan Lomax alifika Middlesboro, Kentucky, na chombo cha kunasa sauti, akauchukua kutoka kinywani mwa binti wa miaka 16 aitwaye Georgia Turner. Santuri ya kale kuliko zote zijulikanazo ni ya Clarence Ashley na Gwen Foster ya mwaka 1933.

Mwenye kuzoea kulinganisha nakala za tendi atakuta hapa mambo anayoyajua. Riwaya zatofautiana katika nafsi inenayo. Kwa Georgia Turner anenaye ni msichana aliyepotea, na nyumba ile yafahamika kuwa danguro. Dylan, ingawa ni mwanamume, aliihifadhi nafsi hiyo ya kike. Katika riwaya ya The Animals anenaye ni mvulana, na mcheza kamari ni baba yake. Mara nyingi husemwa kwamba geuzo hilo lilifanywa kwa kuogopa watangazaji wa redio, na yawezekana. Lakini mvulana hakuzaliwa Newcastle, kwani Ashley alikwisha kuuimba kwa nafsi ya kiume miaka 31 kabla. Hata juu ya njia uliyowafikia wanabendi wenyewe hawakupatana: Burdon amemtaja mwimbaji Johnny Handle wa Newcastle, na wengine wametaja santuri ya Dylan.

Kipi basi kilikuwa chao? Ni sauti. Valentine alizivunja nota za gitaa moja moja badala ya kuzipiga pamoja, na mwanzo huo watambulikana hata leo kabla neno halijatamkwa. Kinanda cha Price chapanda polepole, na Burdon, aliyekuwa na miaka 23, aimba kama mzee aliyechoka. Walirekodi London tarehe 18 Mei 1964, chini ya usimamizi wa Mickie Most. Wimbo ulichukua dakika 4 na sekunde 29, urefu usio wa kawaida kwa santuri ndogo, na Marekani ulikatwa ukawa chini ya dakika 3. Julai ulikuwa wa kwanza Uingereza. Septemba ukawa wa kwanza Marekani kwa juma tatu.

Ufundi huo ulikuwa wa watu watano, ila lebo ilitaja mmoja. Sababu iliyosimuliwa ni kwamba nafasi haikutosha majina yote. Kwa kuwa wimbo wa jadi hauna mtunzi wa kulipwa, mrabaha wa utunzi humwendea mpangaji. Kiswahili chamwita mpangaji hata mtu akaaye nyumba ya kukodi, na kwa bahati maana hiyo yafaa hapa kupita ile nyingine: Price alikaa katika nyumba isiyo yake, lakini kodi aliipokea yeye. Wenzake walilalamika kwa miaka mingi. Pwani ya Afrika Mashariki yaijua kesi ya jirani, yaani "Malaika", wimbo ulioenea duniani kwa vinywa vya Miriam Makeba na wengine huku jina la mtungaji wake likibishaniwa.

Picha nazo zilisaidia. Oktoba 1964 bendi ilionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na katika sinema ya Uingereza "Pop Gear" ya mwaka 1965 walionyeshwa kwa rangi wakiigiza juu ya sauti ya santuri, jambo ambalo baadaye likawa desturi ya video za muziki. Mwaka huo huo waliuimba upya "Don't Let Me Be Misunderstood" wa Nina Simone, ukafika nafasi ya 3 Uingereza. Price alikwisha kujitenga kabla mwaka haujaisha, na mwaka 1966 bendi ya awali ilivunjika.

Chandler aliacha gitaa akawa msimamizi wa wapigaji. Alipokwenda Marekani mwaka 1966 tayari alikuwa na wimbo moyoni, "Hey Joe", akitafuta wa kuuimba upya. Akamkuta New York kijana aliyekuwa akiupiga. Jina lake Jimi Hendrix, na ndiyo ikawa santuri ndogo ya kwanza ya bendi yake.