Mgeni wa Karafuu Alale Wapi?

Katika nchi zenye mashamba ya mizabibu, kama Ufaransa, Italia na jimbo la California huko Marekani, watu wa mijini wana desturi ya kwenda kupumzika mashambani siku mbili tatu. Huenda kuitazama mizabibu, kula chakula cha pale pale na kuonja kinywaji kitokacho humo. Kinywaji hicho si chetu na hatuna haja nacho. Hata hivyo, safari zenyewe zina jambo la kuzingatiwa. Msafiri wa huko, kabla hajafunga mzigo wake, hujiuliza kwanza atalala wapi, kwani ajua kwamba pale alalapo ndipo macho yake yatakapofunguka asubuhi, na ndipo fedha yake itakapobaki.

Pemba haina mizabibu, bali ina mikarafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kukipitia kando kisiwa chetu, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na hata leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar yatoka kwetu. Msimu ukianza, tangu Julai hadi mwisho wa mwaka, hakuna njia kati ya Mkoani na Konde isiyokuwa na majamvi yaliyoanikwa karafuu, na harufu yake humfikia mpita njia kabla hajayaona. Ni nchi gani nyingine imlakiye mgeni namna hiyo?

Lakini tumtazame mgeni huyo anapofika. Mwaka 2023 walioingia Zanzibar kwa utalii walizidi 600,000, na walio wengi hawakuvuka mkondo kuja huku. Wachache waliovuka, aghalabu walipelekwa moja kwa moja pwani: ama Wambaa, ambako hoteli ya Fundu Lagoon hufikiwa kwa mashua kutoka Mkoani, ama Makangale, kwenye ncha ya Kigomasha, ambako tangu mwaka 2013 kipo chumba kinachoelea baharini, kitanda chake kikiwa chini ya maji na samaki wakipita dirishani. Hatuna ugomvi na hoteli hizo. Zinaajiri vijana wetu, na anayetaka kupiga mbizi hana mahali pazuri zaidi. Lakini yule aliyesema kwao kwamba anakwenda kisiwa cha karafuu, akalala siku nne akitazama samaki, karafuu ataiona kupitia kioo cha gari, mara mbili: siku ya kuja na siku ya kurudi. Wazee walisema mgeni na aje ili mwenyeji apone. Mkulima wa karafuu aliyesimama kando ya njia wakati gari hiyo ikipita, amepona nini?

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Unguja au Dar es Salaam, na wewe jamaa wa Maskati unayerudi kutazama alikozaliwa babu yako, ukituuliza ulale wapi, tutakujibu kwa kukuuliza umekuja kutafuta nini. Mwenye siku mbili na akae Chake Chake. Uwanja wa ndege uko karibu, makumbusho yamo ndani ya ngome kongwe pale pale mjini, na Wawi hapako mbali, ambako kiwanda huchemsha makonyo, yaani vile vikonyo vibakiavyo baada ya karafuu kuchambuliwa, na kuyatoa mafuta. Msimu wa masika tunamshauri asije kabisa. Njia za mashambani huwa tope, na hoteli kadhaa za pwani hufunga milango. Mwenye kupenda msitu na akae Wete, apate kufika Ngezi bila ya kuamka alfajiri. Miji hii ilipata hoteli za Serikali baada ya Mapinduzi, Mkoani, Chake na Wete, zote tatu kwa ramani moja, na kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa jibu pekee la swali letu. Siku hizi zipo pia nyumba za wageni za watu binafsi, nyingi zao safi na za bei ya wastani.

Hata hivyo, mjini si shamba. Na hapa ndipo tunapotaka maofisa wetu watusikilize.

Kumlaza mgeni shambani si jambo geni Pemba. Wakati wa mavuno makubwa wachumaji walitoka mijini, na wengine Unguja, wakakaa makambini katikati ya mikarafuu. Usiku walichambua kwa mwanga wa taa, huku hadithi zikiendelea. Mgeni wa siku ya tatu hakungoja kupewa jembe, alipewa pakacha. Huo ulikuwa utalii kabla neno lenyewe halijafika, isipokuwa aliyelala alilipwa kwa pishi badala ya yeye kulipa.

Italia walilitungia jambo hili sheria mwaka 1985. Sheria hiyo ilisema kwamba anayeruhusiwa kuwalaza wageni shambani kwa jina hilo ni mkulima mwenyewe, na kwamba kilimo lazima kibaki kuwa kazi yake kubwa. Huko California, wilaya ya Napa ilikwisha kuyawekea mashamba yake ulinzi mwaka 1968, ili majengo yasiyameze. Walijua kwamba mgeni akifuata mizabibu, watafuata pia wenye fedha watakaoing'oa ili wamjengee mgeni huyo nyumba ya kuitazamia.

Hatari hiyo kwetu si ya kufikirika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi walipewa eka tatu tatu, na ndani ya eka hizo imo mikarafuu ambayo leo ni mizee. Mwenye shamba aliyechoka, katika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, ni mwepesi kushawishika. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mkubwa hufuatwa na midogo. Chumba kimoja cha mgeni, chenye chandarua, choo safi, maji na mlango wenye ufunguo, kingeweza kumvusha mkulima katika mwaka mdogo bila ya kuigusa ardhi. Kijiji cha Kidike kimekwisha kutuonyesha njia: wanakijiji walewale waliowalinda popo wa Pemba, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kutoweka, ndio wanaowapokea wageni wanaokuja kuwatazama.

Twajua watakaosita. Wapo watakaosema kwamba mgeni shambani wakati wa msimu ni mlango wa magendo. Karafuu imevushwa kwa magendo kwa miaka mingi, lakini ilivushwa kwa mashua usiku, haikuvushwa katika mkoba wa mtalii aliyeandikishwa kwa sheha. Wapo pia watakaohofia mila zetu. Hao twawaambia kwamba mwenye nyumba ana haki ya kusema mlangoni mwake kwamba kileo hakiingii na kwamba mavazi ni ya heshima. Mgeni mstahifu hataona uzito, na asiyeweza hilo, hoteli za pwani zipo.

Tunaloliomba ni dogo. Kamisheni ya Utalii na itenge leseni ya chumba kimoja au viwili, kwa ada ambayo mkulima aweza kuilipa kwa mauzo ya gunia lake, na leseni hiyo apewe mwenye mikarafuu tu, akinyang'anywa siku atakapoikata. Fomu ziwe za Kiswahili, zipatikane kwa masheha, nazo zifike kabla ya Julai, wakati majamvi bado yamekunjwa.