Wenyeji wa Rabai ni Nani?

Kikundi cha kujisaidia kinapoanza kuandika majina ya wanachama, kuna swali ambalo huja lenyewe: huyu ni wa hapa, au ni wa kuja? Mkilikwepa kwenye mkutano, litawangoja siku ya maneno ya shamba. Ndiyo sababu tumeona tuchukue mji mmoja mdogo unaojulikana, Rabai, kule vilimani nyuma ya Mombasa, tuangalie watu wake wa mwanzo walikuwa akina nani. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba Rabai ilianza na Krapf. Tukisema hivyo tunawasahau watu wengi sana.

Warabai walikuwako kabla yake, wakikaa katika kaya zao msituni. Ni moja kati ya makabila tisa ya Wamijikenda. Wazee wengi wa Mijikenda husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, lakini Warabai wana masimulizi yao ya kutoka Rombo, karibu na Kilimanjaro. Kwa hiyo hata mwenyeji mwenyewe, ukimwuliza asili yake, atakuonyesha njia waliyojia babu zake. Kaya yao moja inaitwa Mudzi Muvya, yaani Mji Mpya, na misitu ya kaya hizo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, CMS. Alifika Mombasa 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosina akafariki pamoja na mtoto mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai baada ya wazee kuwakubali. Hilo neno la kukubaliwa tusilipite mbio. Wazungu hawa hawakuwa na askari, na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijafika. Wazee wangekataa, wangefunga mizigo yao waende zao. Walikaa pale kama wageni wa kaya.

Mavuno yao yalikuwa machache. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, naye alikuwa karibu na kufa. Wakafuata Wagiriama wachache. Krapf aliondoka 1853. Rebmann akabaki mpaka 1875, akapofuka macho, na aliporudi kwao Ujerumani aliyemshika mkono safarini alikuwa Isaac Nyondo, kijana Mwafrika wa misheni. Kama mji ungewategemea wale wawili tu, leo pangekuwa na makaburi na nyumba kuukuu.

Waliokuja kuujaza mji walifika kwa njia nyingine. Mwaka 1864 walikuja Waafrika kutoka India. Ndiyo, India! Walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakapakiwa majahazini kwenda kuuzwa, na meli za kivita za Uingereza zikawakamata baharini na kuwapeleka Bombay. Huko walilelewa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik, wakajifunza kusoma na kazi za mikono. Kati ya waliotumwa Rabai kumsaidia Rebmann walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David. Jones alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Hilo jina la Jones halituambii lolote kuhusu ukoo wake. Linatuambia alipitia mikono ya nani.

Tumfuate Jones kidogo, maana anafaa kukumbukwa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja la ushemasi yeye na Semler, kisha Jones akafuatana na askofu kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki mamia ya maili kurudi Pwani. Walirudi wapi? Rabai. Mtu akirudi mahali baada ya balaa kama hilo, sisi tunasema pale ndipo kwao.

Mwaka 1875 misheni ilianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Hawa waliitwa mateka. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na baadhi yao walihamia Rabai. James Mbotela, aliyetokana na watu hao, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934. Kikundi chenye wasomaji kikitafute.

Halafu wakaja watoro. Hawa hawakuokolewa na meli ya mtu. Walijiokoa wenyewe kwa miguu, wakitoroka mashamba ya Waarabu na Waswahili kule Pwani, usiku, wengine na watoto mgongoni. Rabai ikajaa. Mabwana wao wakaja juu wakiwadai, na ndani ya misheni yenyewe wakubwa wakavutana, wengine wakiogopa vita. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza, IBEA, aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Sehemu kubwa yao walikuwa wa Rabai. Angalieni hesabu hiyo: aliyefanyisha kazi alilipwa pesa, aliyefanya kazi akapewa karatasi. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Pwani mwaka 1907.

Basi ukikaa Rabai katikati ya jamii zile, mwenyeji ni nani? Mrabai wa kaya aliyekaribisha, bila shaka. Na yule ambaye bibi yake mzaa bibi alilima pale tangu kabla ya reli, tumwite mgeni mpaka lini?

Swali hili sasa lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii inayosajili ardhi yake iwe na orodha ya wanachama. Lakini sheria hiyo haisemi jamii ni damu moja tu. Inataja asili moja, na pia utamaduni, kabila, maslahi ya pamoja na hata kukaa eneo moja. Anayesimama mkutanoni kusema "nyinyi watoro hamna haki" ajue hilo. Katiba nayo, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya kuzaliwa au kabila.

Vikundi vinavyotaka kuandika habari za jamii za kwao vianze na akina nyanya, kabla hawajatutoka. Mzee akisema hajui mwaka, msimsumbue. Mwulizeni ilikuwa kabla au baada ya nini. Njaa ya Magunia ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Ujenzi wa reli Mombasa ulianza 1896. Mekatilili na vita vya Wagiriama ni 1914. Kariakoo, yaani wapagazi wa vita, ni 1914 mpaka 1918. Daftari za ubatizo na ndoa kanisani nazo zina majina na tarehe. Mwombeni kasisi kwa adabu.

Jambo moja la tahadhari. Msimwulize mtu mbele ya watu kama babu yake alikuwa mtumwa. Nendeni nyumbani kwake, mkae, aseme akipenda. Akikubali kuandikwa, andikeni nakala mbili: moja ya kikundi, na moja abaki nayo mwenyewe nyumbani.