Meru Mdogo: Safari ya Siku Tatu Mkabala na Kilimanjaro

Anayetaka kuitazama Kilimanjaro vizuri hana haja ya kuipanda, kwa kuwa jirani yake, Mlima Meru ulio katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huitazama kwa mbali kutoka magharibi, na ingawa kilele chake kina mita 4,566, si lazima mpandaji afike huko. Safari ya wastani huanzia lango la Momella, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ikipita kwenye maeneo ya nyati na twiga, ndiyo maana kila kundi husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Usiku wa kwanza hulaliwa kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, na wa pili kwenye kibanda cha Saddle, mita 3,570, na kutoka hapo kwa mwendo wa saa moja hivi hufikiwa kilele kidogo cha Meru Mdogo, mita 3,820, na kukiwa kweupe Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huonekana juu ya mawingu.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kimo, kwani hewa ya juu ni nyepesi na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo, hivyo anayeharakisha huweza kupata ugonjwa wa mwinuko, yaani hali ya kuumwa kichwa na kichefuchefu, ambayo ikizidi tiba yake ni kushuka. Viatu vipya, ambavyo wengi hununua kwa fahari, huchubua visigino kabla ya Miriakamba; afadhali vilivyokwisha kuzoeleka. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na nafasi za vibanda huombwa mapema.