Treni ya PostgreSQL haisubiri abiria

Januari 2025 nilisakinisha PostgreSQL 12 kwa ajili ya projekti, kisa tu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya jamaa yangu. Kumbe ilishaachwa tangu Novemba 2024! Yaani tundu la usalama likionekana leo, wenyewe hawalizibi tena.

Ratiba yao ni hii: toleo kubwa moja kila mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, nalo hutunzwa miaka 5. Marekebisho madogo hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba.

Kwa nini wasingoje kila kitu kiive? Mwaka 2022 JSON_TABLE, inayogeuza data za JSON kuwa jedwali, ilikuwa tayari kwenye majaribio ya toleo la 15. Msimbo ukaonekana haujatulia, wakaitoa mwanzoni mwa Septemba, na toleo likatoka Oktoba bila hiyo. Iliingia toleo la 17, mwaka 2024. Walioingoja waliumia, sikatai. Lakini ingesubiriwa, kazi za wengine zilizokwisha kamilika zingekwama nayo.

Mimi nilihamia la 17 kwa pg_dump, jioni moja tu. Kujua la kwako, andika SELECT version(). Kisha hesabu miaka.