ENTEBBE HADI DUBAI: KILOMITA NGAPI, SAA NGAPI?



Vijana wengi wa viwandani na mashambani kwetu huenda Arabuni kutafuta kazi, na wengi hupitia Dubai. Kabla ya kupanda ndege, yafaa kila mmoja ajue safari hiyo ilivyo, asije akapotezwa na karatasi ya tiketi.

Kutoka Entebbe hadi Dubai ni kama kilomita 3,700. Ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 850 kwa saa. Ukigawanya, utapata saa nne na kitu. Lakini safari yenyewe huchukua saa tano na zaidi. Kwa nini? Ndege hutumia muda kupanda juu na kuteremka polepole. Tena haifuati mstari ulionyooka. Hupita njia zilizowekwa, na huzunguka nchi zenye vita. Anga la Sudan lilipofungwa mwezi wa Aprili 2023, ndege za kutoka Entebbe kwenda Ulaya zilibidi kulikwepa.

Jambo la pili ni saa. Dubai iko mashariki yetu, na saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za Entebbe, na saa ya kufika kwa saa za Dubai. Tuseme tiketi inasema kuondoka 16:00, kufika 22:20. Usihesabu saa sita na dakika 20. Toa saa moja: safari ni saa tano na dakika 20. Wakati wa kurudi, ongeza saa moja.

Jambo la tatu ndilo lenye hatari. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Huanza na 00:00, yaani saa sita usiku, na hapo tarehe hubadilika. Tiketi ikisema tarehe 5, 00:40, maana yake ni saa sita na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 5. Abiria hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla. Basi uwe Entebbe tarehe 4, saa tatu na dakika 40 usiku. Atakayekwenda tarehe 5 jioni atakuta ndege ilishaondoka zamani. Na toka Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Barabara ikijaa magari, ni safari ndefu.

Mtu akikosa ndege, nauli yaweza kupotea, na wakala aweza kumdai nauli mpya, ikakatwa katika mshahara ambao bado hajaupata. Kwa hiyo soma mkataba: nani analipa tiketi ya kwenda, nani ya kurudi, na nani analipa ndege ikikosekana? Uliza pia kama kampuni hiyo ina leseni ya wizara inayoshughulikia kazi.

Peleka tiketi na mkataba kwa katibu wa tawi lako, mvisome pamoja kabla hujatia sahihi.