Unataka Kuanza Kufuga Kuku Gachoka? Kuna Kachupa Kamoja Kataamua Kama Utaomoka ama Utalia

Sikiza msee. Umerudi ocha Gachoka, Nairobi imekuonyesha mambo, na kila ukicheki ile kona nyuma ya jikoni ya mathe unaona kuku mia na simu za mahoteli ya Embu mjini zikilia. Ndoto ni poa. Lakini kabla ununue hata kifaranga kimoja, jua hii: wengi wanaoanza kuku hawaangushwi na soko. Kuku zinakufa, tena karibu zote, ndani ya siku chache.

Kwanza, mbona kuku?

Juu doh ya muguka ni tamu lakini haina uhakika. Unakumbuka Mei 2024? Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, na huku Mbeere watu wakashika vichwa mpaka Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha hiyo marufuku. Msee mwenye alikuwa na kitu kingine cha kuuza alilala vizuri kidogo.

Pia kuku ni biashara unaweza anza na doh kidogo. Hata Rais Ruto huwa hachoki kuhadithia vile aliuza kuku kando ya barabara kule upande wa Eldoret.

Lakini usiingie na pupa. Waulize wale walinunua kware 2013. Kila mtu alikuwa anasema mayai ya kware yanatibu kila kitu, watu wakatafuta leseni ya KWS, wakajenga vizimba. Kufika 2014 bei ilikuwa imeanguka vibaya, na ndege wakabaki na wenyewe. Kuku ina soko la ukweli, lakini pupa ni ile ile.

Anza na ngapi?

Kumi. Ukisikia umeshikwa na moto sana, kumi na tano. Jogoo mmoja anatosha matetea kumi.

Kama hujawahi fuga peke yako, achana na vifaranga vya siku moja. Hivyo vinataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, usiku na mchana, halafu unapunguza polepole kila wiki. Stima ikipotea saa nane usiku na huna jiko, asubuhi unaokota maiti. Nunua kuku za mwezi mmoja hivi kutoka kwa mtu anaweza kukuonyesha rekodi ya chanjo. Bei iko juu kidogo, lakini amekubebea ile sehemu ngumu.

Kienyeji ya kawaida inajitafutia na inaatamia mayai yake vizuri, siku 21 vifaranga viko nje. Kienyeji iliyoboreshwa, kama ile ya KALRO Naivasha, inataga mayai mengi zaidi lakini mambo ya kuatamia haina shughuli nayo sana. Chagua ukijua unataka nini: mayai ya kuuza ama familia ya kuku inayojiongeza.

Nyumba na chakula

Usijenge hoteli. Mabati ya zamani, mbao, waya ya kuku, na sakafu iliyoinuka kutoka chini. Kuku nne ama tano kwa kila mita moja ya mraba zinatosha. Weka vijiti vya kulalia, na uzibe kila shimo, juu nguchiro haombi ruhusa. Mchana mwewe ndiye adui, kwa hivyo vichaka viwili vitatu vya kujificha vinasaidia.

Huku kwetu jua ni kali, kwa hivyo maji safi kivulini ni lazima, asubuhi na jioni. Chakula ndicho kitameza doh yako nyingi. Punguza gharama na mtama, mboga za majani na mchwa, lakini vifaranga wasinyimwe chakula chao cha gunia. Na ujue kuku ikianza kutaga ni karibu miezi mitano ama sita. Hiyo miezi yote unatoa tu, huingizi. Nunua daftari ya mraba, andika kila shilingi.

Sasa tuongee kuhusu hiyo chupa

Ugonjwa unaomaliza kuku vijijini ni Newcastle. Jirani zetu wa Tanzania wanaiita kideri ama mdondo. Utaona kuku imezubaa, inahema mdomo wazi, inaharisha kijani, zingine shingo inajipinda. Kwa kuku ambazo hazijachanjwa, inaweza kufagia karibu boma nzima. Na haina dawa. Usidanganywe na unga wa antibayotiki wala pilipili kwa maji. Hii ni virusi, antibayotiki haiigusi.

Chanjo ndio iko. Hapa Kenya inatengenezwa na KEVEVAPI, na utapata pia za kampuni zingine kwa agrovet. Kuna ile ya tone moja kwa jicho, kuna ile ya kuweka kwa maji ya kunywa. Kwa kuku za nyumbani, rudia kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kama ni rahisi hivyo, mbona kuku bado zinakufa? Hesabu, buda. Chupa nyingi huwa za kuku mia moja ama zaidi. Wewe uko na kumi. Ukishachanganya chanjo, lazima iishe ndani ya masaa machache, huwezi wekea ya kesho. Kwa hivyo msee anaangalia chupa, anaangalia kuku zake kumi, anasema "wacha nitanunua zikiwa nyingi." Hazifiki nyingi.

Dawa ya hiyo shida ni majirani. Hata ukichanja zako zote, kuku za shosho hapo ng'ambo ya ua zinakula uwanja mmoja na zako, na kama kuna moja yako ilirukwa ama kinga yake imeisha, ugonjwa utaipata. Kwa hivyo fanya hivi:

1. Tembea boma kumi za karibu. Hesabu kuku za kila mtu. Kuku mia zitapatikana haraka kuliko unavyofikiria.

2. Kila mtu atoe doh kulingana na kuku zake. Ukigawa bei ya chupa, kila kuku inakula shilingi chache sana.

3. Mchague siku moja, asubuhi mapema kabla kuku zifunguliwe. Chanjo ibebwe kwa flaski yenye barafu, isipigwe na jua.

4. Kama ni ya maji, tumia maji ya mvua ama ya kisima, si ya mfereji yenye klorini. Nyima kuku maji kwa masaa mawili hivi kwanza, ndio zinywe zote.

5. Chanja zile ziko na afya pekee. Mara ya kwanza, ita afisa wa mifugo awaonyeshe.

Pangeni tarehe vizuri. Ugonjwa hupenda kiangazi, na pia wakati wa Krismasi juu kuku zinazunguka kila mahali. Mkichanja mwanzo wa Novemba, Desemba mnauza bila presha.

Mambo mawili ya mwisho

Kuku mpya kutoka soko la Kiritiri isiingie moja kwa moja kwa zingine. Itenge wiki mbili.

Na siku utasikia kuku za mtaa zimeanza kufa, usikimbize zako sokoni uuze haraka. Hivyo ndivyo ugonjwa hupanda matatu na kufika boma ingine. Zilizokufa choma ama zika chini kabisa, na mbwa asizifukue.

Kwa hivyo kabla upige picha ya kiota kipya uweke status, chukua daftari, vaa viatu, anza na boma ya shosho. Muulize ako na kuku ngapi. Hiyo ndio siku yako ya kwanza ya kufuga.