HODI YA PROGRAMU: KWA NINI VIDEO HAZIONEKANI?

Leo nataka kueleza shida inayowasumbua wengi walio na seva nyumbani, na jinsi ya kuitatua bila kuleta shida kubwa zaidi.

Seva ya nyumbani si kitu cha ajabu. Ni kompyuta, hata iwe kuukuu, inayowekwa pembeni ikiwa na picha, nyimbo na video za familia. Simu na televisheni za nyumba hiyo huzipata humo. Kwetu tunatumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, pamoja na programu ya bure iitwayo Jellyfin. Sasa unaweka video, unafungua Jellyfin, lo! Maktaba ni tupu. Wewe unaziona video, programu haizioni. Kulikoni?

Jibu ni kwamba kwa Linux, programu hiyo si wewe. Inapowekwa kwenye kompyuta hupewa jina lake yenyewe la mtumiaji, yaani jellyfin. Ni kama mgeni: hupiga hodi, na asipokaribishwa haingii. Utaratibu huu ulitokana na Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1969 na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell kule Marekani. Siku hizo watu wengi walitumia kompyuta moja, kwa hivyo ilibidi kila mtu alindiwe vitu vyake.

Kila faili hutambua watu wa aina tatu: mwenyewe, kikundi, na wengine. Ruhusa zao huandikwa kwa namba. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Kwa folda, hiyo 1 maana yake ni kupita mlangoni. Basi jumlisha: 7 ni ruhusa zote, 5 ni kusoma na kupita, 0 ni hakuna kitu. Folda ya 750 ina maana kwamba mwenyewe hufanya yote, kikundi husoma na kupita, na wengine hubaki nje.

Hapo ndipo penye kizungumkuti. Tangu Ubuntu 21.04, iliyotoka mwaka wa 2021, folda mpya ya nyumbani ya kila mtumiaji huwa 750. Tuseme video ziko katika /home/mama/Video. Hata uifungue folda ya Video namna gani, jellyfin atakwama kwenye mlango wa /home/mama. Ndiposa watu hubadilisha ruhusa za faili hadi wachoke na maktaba bado ni tupu. Amri hii huonyesha milango yote njiani, mmoja baada ya mwingine:

namei -l /home/mama/Video

Wapo watakaokwambia, "Wewe andika chmod 777 uachane nayo!" Usikubali. Kufuta faili hutegemea ruhusa ya kuandika kwenye folda, wala si kwenye faili yenyewe. Folda ikiwa 777, mtumiaji yeyote wa mashine hiyo, na programu yoyote inayoifikia, anaweza kufuta kilichomo. Kwetu mna video ya marehemu nyanya akitusimulia hadithi, na hatuna nyingine. Jellyfin inahitaji kuisoma tu. Kwa nini tuipe na uwezo wa kuifuta?

Dawa ni kuhamisha video mahali pa wote, kisha kumkaribisha mgeni kwa kipimo:

sudo mkdir /srv/video
sudo mv /home/mama/Video/* /srv/video/
sudo chown -R mama:jellyfin /srv/video
sudo chmod -R u=rwX,g=rX,o= /srv/video

Badala ya mama, weka jina lako. Amri ya tatu humfanya mama kuwa mwenyewe, na jellyfin kuwa kikundi. Ya nne humpa mama yote, kikundi kusoma na kupita, wengine hakuna. Hiyo X kubwa hufungua njia kwenye folda bila kuzigeuza video kuwa faili za kutekelezwa. Kisha jaribu kwa jina la mgeni mwenyewe:

sudo -u jellyfin ls -l /srv/video

Orodha ikitokea, iambie Jellyfin ipekue maktaba upya. Ukiongeza video baadaye, rudia amri ya tatu na ya nne.

Jambo moja zaidi. Flashi au diski ya FAT32 au exFAT haihifadhi jina la mwenyewe wala ruhusa, kwa hivyo chmod haitafua dafu hapo. Ruhusa zake huwekwa wakati diski inapounganishwa na mfumo, kwa kutaja uid, gid na umask.

Haraka haraka haina baraka, wenzangu. Kabla ya kufungua milango yote, tafuta kwanza ni upi uliofungwa. Hapa naitua kalamu.